Mdomo wa Mbithi
...na tazama, ameinua mkono naye ameinua mkono, Mbithi wangu na huyu Yvonne, mkalimani wake, wote wawili madhabahuni hapa Kikima, na mimi benchi la mbele, mke wa mchungaji, kitambaa kichwani, natabasamu mpaka mashavu yanauma, Mungu nisamehe... "Justify," anasema Mbithi kwa Kiingereza chake cha chuo cha Biblia, na Yvonne anageuza kwa Kikamba papo hapo, hamwachi hata ameze mate, kwamba leo ni neno hili moja tu, limetoka Kilatini, justus, mwenye haki, na facere, kufanya, kwa hivyo ni kumfanya mtu awe na haki, amina, wanasema watu, amina, nasema mimi, lakini nani hapa aliomba Kilatini, nani aliomba hata Kiingereza, mtu amezaliwa Matiliku, alinitongoza kwa Kikamba, na kanisa zima hakuna anayehitaji kutafsiriwa, nilimuuliza juzi tukinywa chai, Baba Kyule, kwa nini Kiingereza, akasema, "Ni vijana, Mama Kyule, vijana wanapenda Kiingereza, na wazee nao wasiachwe nyuma," hakosi sababu huyu, na msikie sasa, eti siku hizi neno lenyewe limeharibiwa, mtu akikosea anakimbilia ku-justify, anatafuta maneno ya kujitetea, na Yvonne anakunja uso vile vile alivyokunja yeye, watu wanacheka, mimi sicheki... "Wanaendana hao," ananong'ona Kathini wa kwaya kando yangu, "utadhani ni mtu mmoja," hana ubaya Kathini, au anao, ameona nini Kathini, mimi sihitaji kuonyeshwa, nilikuwa mkalimani mimi, ule mkutano wa injili Mukuyuni, Mbithi akiwa mhubiri mgeni, na kwetu mhubiri mgeni asiye na mkalimani anaonekana hakusoma, basi nikasimama naye, msichana na blauzi ya kuazima, na kufikia mwisho wa mkutano nilijua atavuta pumzi wapi, nilijua sentensi yake kabla haijatoka, ukisimama na mtu hivyo mnaanza kuwa na kifua kimoja, ndivyo nilivyompenda, kwa hivyo sidhani, najua kinachoendelea hapo juu, halafu tulipooana wazee wa kanisa wakasema mama mchungaji hukaa na akina mama, si madhabahuni, naye akasema ni heshima yangu, sababu nyingine hiyo... "Zamani sana," anaendelea, na Yvonne nyuma yake, "neno hili lilikuwa la mahakamani, kumhukumu mtu, hata kumwadhibu," vizuri, sasa umesema, na aadhibiwe, twende naye mahakamani huyu msichana, amefanya nini, ananisalimia kwa mikono miwili, ananiita mwaitu, mama yangu, ibada ikiisha anaondoka na mama yake, na hapo juu hamtazami Mbithi hata kidogo, anatazama watu, Mbithi naye anatazama Biblia, natafuta kosa, nalitaka kabisa kosa, na sipati, mbona basi moyo unaungua hivi... "Hata wachapaji wa vitabu wanalitumia," anasema Mbithi, "kunyoosha mistari ikae sawa pande zote mbili," na Yvonne anatafsiri, kunyoosha mistari, basi, wazee wamebaki wamekodoa macho, aki wewe, waambie ni kama matuta ya shamba, milima hii yetu ya Mbooni nani hajachimba matuta, waambie mkulima ananyoosha tuta huku na huku ili maji yasiupeleke udongo, kisha nyamaza kidogo, waache waone, halafu shuka na sauti ya chini... na hapo nashtuka, kwa sababu tangu ibada ianze sijamtazama Mbithi sawasawa, sijui hata amevaa tai gani, macho yangu yako kwa maikrofoni iliyo mkononi mwa Yvonne, nimekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya mume, nikidhani ni mume, kumbe mume ninaye, yuko nyumbani kila siku na sababu zake... Mbithi anavuta pumzi, Yvonne anasubiri, Kathini anajipepea, natabasamu vile vile, na wewe Yvonne, mwanangu, simama naye, cheka naye, endaneni mpaka mchoke, lakini hiyo maikrofoni ni yangu.