Ugomvi wa Sura ya 188

Saa nne asubuhi sura ilipanda kwenye programu ya hadithi, na saa nne na dakika sita wasomaji walikuwa wameshaanza kunijia juu.

Kitabu changu kinaitwa Nyumba ya Uji Mlimani. Mwanamke mmoja, Dallae, anawapikia uji wafu wanaopita kwake kabla ya kuvuka kwenda Ng'ambo. Sura mia moja themanini na saba, na humo hakuna aliyewahi kumwinulia mwenzake mkono. Watu husoma wakiwa kwenye foleni ya hospitali, husoma wakinyonyesha. Sura ya 188, mjumbe wa Ng'ambo anakuja kumchukua mzee aliyekuwa akimwoshea Dallae mabakuli, anaukamata ubao wenye jina la mzee, na Dallae anaruka meza. Anamng'ata sikio. Anampiga upawa wa uso, wanagaragazana kwenye uji wa moto, jino la mjumbe linang'oka. Ukurasa mmoja na nusu.

"Nimefungua kitabu cha nani?" aliandika mmoja. Mwingine: "Hatimaye soda." Hapa kwetu Korea hadithi ikiteremka vizuri wasomaji huiita soda, ikikwama kooni huiita kiazi kitamu. Siku ile walishindwa kukubaliana nimewapa kipi. Niliyasoma maoni yote nikila tambi baridi, na sikuhisi kitu.

Mhariri wangu, Bi Pyo, akapiga simu.

"Mwandishi, umeamka?"

"Nimeamka."

"Huu ugomvi umetoka wapi? Hata jani halikutikisika kabla yake. Msomaji amekaa na uji wake, mara meno yanaruka."

"Ndivyo ugomvi unavyokuja."

"Barabarani, sawa. Kwenye kitabu unapiga hodi kwanza." Akashusha pumzi. "Najua uko msibani, na mimi si mkatili. Lakini jioni wenye programu wanakaa kupanga vitabu vya ukurasa wa mbele. Nipe sura hii upya kabla ya saa kumi. Dallae alie, mzee aondoke, basi. Usiponipa, huo ugomvi nitaukata mwenyewe."

Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia kwamba ule ukurasa mmoja na nusu ndio kitu pekee nilichokihisi tangu baba afariki. Siku kumi na moja nimekaa mwili ganzi, natafuna bila ladha, naoga bila kujua maji ni ya moto au baridi. Nilipoandika upawa unatua usoni mwa yule mjumbe, mkono wangu ulipata joto mpaka begani. Akikata pale, nabaki na nini?

Mimi ni mtoto pekee wa Tak Yeong-bae, fundi wa majiko, na sina mume. Kwa hiyo baba mkubwa alipofika kwenye ukumbi wa msiba, alitazama huku na huku kutafuta mwanamume wa kuongoza msiba. Akamkuta mwanawe, Hyeon-gu, muuza majokofu wa miaka thelathini na moja. Akamvika mkononi kile kitambaa chenye mistari miwili cha mfiwa mkuu, akamsimamisha mbele kupokea wageni.

"Picha ataibeba Hyeon-gu," baba mkubwa akasema. "Okju, wewe angalia supu isipungue."

Nami nikaangalia supu. Siku tatu. Siku ya kutoa jeneza Hyeon-gu alitangulia na picha ya baba kifuani, anachechemea kwa sababu baba yake alimwazima viatu vyeusi vilivyombana. Mimi nyuma, na pini yangu nyeupe ya mfiwa kichwani. Ningesema nini, na watu wameshapangwa?

Saa nane mchana nilikuwa bado naitazama sura, sijagusa herufi. Simu ikalia tena. Hyeon-gu.

"Dada, huyo mjumbe wa kung'olewa jino ni mimi?"

"Mjumbe gani?"

"Usinizungushe. Nakusoma tangu sura ya kwanza, hata mke wangu hajui. Mjumbe anachechemea, viatu vya kuazima. Nani mwingine?"

Ningekuwa nahisi kitu, ningeona aibu.

"Sikio nimekusamehe," akasema. "Lakini jino, dada. Jino kweli?"

"Niambie kama msomaji. Ule ugomvi umekaa sawa au haukukaa? Mhariri anataka kuukata."

"Haukukaa."

"Kwa sababu Dallae si mtu wa kupigana."

"Dallae apigane tu, ana haki yake. Hata mabakuli angevunja. Tatizo ni yule mjumbe. Kwa nini anaung'ang'ania ule ubao mpaka jino linatoka? Wa nini kwake? Mzee si wake."

"Ametumwa."

"Aliyetumwa hang'ang'anii hivyo." Akakohoa. "Siku ile ya kutoa jeneza, pale mlangoni, kabla ya ngazi za basi. Nilisimama, nikajifanya kiatu kimenitoka. Unakumbuka?"

"Hapana."

"Nilikuwa nakusubiri, dada. Nilisema moyoni, akinyoosha mkono tu nampa picha yake, baba yangu apasuke akitaka. Nikageuka kabisa nikakutazama. Ukaniambia, songa, watu wanangoja."

Nikakumbuka. Kisogo chake, mkono mmoja kwenye kiatu, uso wa baba pichani umeinamia ubavuni mwake. Nami niliwaza juu ya dereva wa basi.

"Nilisema hivyo?"

"Ndivyo ulivyosema. Nikasonga."

Alipokata simu nilifungua sura. Sikufuta ugomvi. Dallae anaruka meza vilevile, upawa unatua vilevile. Kisha mjumbe, damu puani, anainama, anajifanya anavaa kiatu, na anamnyooshea ubao. Chukua, anasema, nilikuwa nakusubiri uombe. Nikaishia hapo, Dallae na upawa mkono mmoja, ubao mkono wa pili. Saa kumi kasoro dakika ishirini nikaituma.

Bi Pyo hakukawia.

"Sasa umeharibu zaidi. Ugomvi unaanza, halafu hakuna wa kupigana naye."

"Ndiyo."

"Na Dallae anafanya nini sasa na huo ubao?"

"Sijui."

"Wataita kiazi kitamu, mwandishi. Kikavu, bila maji."

"Waite. Ndivyo ilivyokuwa."

Akauliza ndivyo ilivyokuwa wapi, kisha mwenyewe akasema haya, ataipitisha kama ilivyo, ya ukurasa wa mbele tutajionea.

Nikaweka simu mezani. Bakuli la tambi lilikuwa bado hapo, mchuzi umeganda. Mkono wangu, ule uliokuwa na joto, ulilala gotini kama mkono wa mtu mwingine. Nikaunyoosha mbele, kiganja juu, nione kama bado unanisikia.

"Nipe," nikasema, kama vile Hyeon-gu amesimama mbele yangu na picha.

Neno lenyewe ni dogo, halichukui hata pumzi moja. Nikalisema tena, na tena, kwa sauti, chumbani peke yangu, mpaka jirani akagonga ukuta, na mkono bado nimeunyoosha.