Maduara Thelathini

Karani wa mahudhurio hakutulia tangu alipoamka. Alichemsha chai akaisahau, akafunga mlango akarudi kuutikisa, akafika shuleni kabla mlinzi hajamaliza kufagia pale langoni. Ilikuwa siku ya kusoma orodha. Saa sita kamili, mbele ya wazazi, Mchungaji, ambaye ndiye mkuu wa shule, angetaja wanafunzi watakaorudia darasa kwa utoro. Orodha hiyo huandikwa na karani kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii ilikuwa na jina moja tu. Jina moja, lakini lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wanafunzi walimwita Mama Duara. Walimwita hivyo kisogoni, bila shaka, nani angethubutu mbele yake? Aliyepo alimpigia mstari, asiyekuwepo alimchorea duara, na duara likishachorwa limechorwa. Miaka kumi na tisa daftari lake halijawahi kuwa na mkwaruzo hata mmoja, na jambo hilo alipenda kulitaja, hasa kwa watu ambao hawakuuliza.

Na sheria za shule ile alizijua kuliko hata Mchungaji aliyezitia sahihi. Ibada ni saa moja na nusu. Ukikosa ibada mara tatu, hesabu yake ni siku moja ya utoro, hata kama darasani ulikaa kutwa nzima. Siku kumi za utoro bila barua iliyokubaliwa, unarudia darasa. Barua iandikwe na mzazi, itaje sababu, ifike ndani ya siku mbili. Ungemwamsha usingizini angekusomea zote bila kufungua macho.

Sasa, kuita majina mia mbili na zaidi kanisani kila asubuhi ni kazi ya kumaliza ibada yenyewe. Kwa hiyo Mama Duara alibuni njia yake. Kila benchi lilipakwa namba kwa rangi nyeupe, kila mtoto na namba yake, na yeye alipanda kwenye roshani ya nyuma, juu ya mlango, akatazama chini. Alihesabu mapengo. Palipo na mtu hapana habari. Palipo na namba nyeupe inayoonekana, duara. Dakika nne, kazi imekwisha, kabla hata wimbo wa kwanza haujafika ubeti wa mwisho. Shule nyingine zilituma makarani wao kuja kuona, naye akawapandisha roshani kwa madaha.

Namba arobaini na saba ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, msichana wa miaka kumi na mitatu, mpole, mwenye sare iliyoshonwa vizuri kuliko za wenzake wote. Kwa wiki sita mfululizo namba hiyo ilionekana nyeupe kila asubuhi. Jana yalitimia maduara thelathini. Thelathini ukigawa kwa tatu ni kumi, hesabu haina huruma, na jina likaingia kwenye orodha.

Si kwamba hakusikilizwa. Au tuseme alisikilizwa kama wanavyosikilizwa watoto. Alikuja dirishani kwa karani mara mbili. Mara ya kwanza alisema yeye huwa yupo ibadani. Mama Duara akamwambia kila mtoro huwa yupo, ila benchi halisemi uongo. Mara ya pili alianza kusema kwamba huwa anakaa kwa mwalimu, na hapo karani akamkata kauli: hakuna kukaa kwa mwalimu wala kwa nani, kuhama namba nako ni kosa, anataka aandikiwe makosa mawili? Msichana akaondoka zake. Kisha mama yake akaandika barua: *Binti yangu yuko ibadani kila siku, naomba mtazame vizuri.* Karani aliisoma barua ile juu chini akitafuta sababu ya utoro, hakuiona, basi akachukua mhuri wake mdogo akaigonga: SABABU HAIKUTAJWA. Akampa msichana airudishe nyumbani, nakala akaiweka kwenye faili.

Asubuhi ile ya orodha alipanda roshani kama kawaida, kalamu mkononi. Namba arobaini na saba, nyeupe. Duara la thelathini na moja. Wimbo ukaanza, kinanda kikashika, watoto wakapaza sauti, na ghafla kinanda kikanyamaza.

Watoto waliendelea vipande vipande, kila benchi na mwendo wake. Kinanda kikarudi, kikaenda mistari michache, kikanyamaza tena. Vicheko vikaanza kule nyuma. Mama Duara alishuka ngazi mbio mbio, maana mpiga kinanda alikuwa mzee na wazo la kwanza lililomjia ni kwamba ameanguka.

Kinanda kilikuwa mbele kabisa, nyuma ya nguzo nene, mahali pasipoonekana kutoka roshani. Mwalimu wa muziki, ambaye shule nzima ilimwita Babu Kinanda, alikuwa hajaanguka. Alikuwa ameinamia kitabu cha noti, pua inagusa karatasi, anajaribu kufunua ukurasa kwa mkono uleule aliokuwa anapigia. Kando yake palikuwa na kigoda kitupu. Karani akamuuliza kwa kunong'ona kuna nini.

"Mfunuaji wangu hajaja leo," Babu Kinanda akasema. "Na macho yangu unayajua. Bila yule mtoto nimekwama."

"Mtoto gani?"

"Yule wa fundi cherehani. Wiki sita sasa ananifunulia kurasa, hajakosa hata siku moja. Sijui nina mkosi gani. Hata yule mrefu wa mwaka jana aliniacha hivihivi."

Maneno ya mwisho Mama Duara hakuyasikia vizuri. Alikuwa anakitazama kile kigoda, na alikuwa anakumbuka kwamba kwa wiki sita nyimbo za asubuhi zilikuwa zimenyooka, hazikatiki, na yeye kule juu alikuwa akizifurahia huku anachora duara. Alimfunulia mzee kurasa zilizobaki, wakati mwingine anafunua mbili kwa pamoja.

Ibada ilipokwisha alimwuliza Babu Kinanda kwa nini hakuiarifu ofisi. Mzee akashangaa kweli. Aarifu nini? Mtoto anakaa mbele ya kanisa zima, kuna nani asiyemwona?

Mchungaji alikuwa ofisini mwake akipanga maneno ya kuwaambia wazazi. Alimsikiliza karani mpaka mwisho, na hakupandisha sauti, maana si desturi yake. Akasema kosa ni kosa, litasahihishwa, ila kuna utaratibu: sahihisho lolote la mahudhurio hufanywa mbele ya mzazi na mwanafunzi mwenyewe, kabla orodha haijasomwa. Baada ya hapo mlango umefungwa mpaka mwaka ujao. Kisha akamtazama kwa upole uliomuumiza zaidi, kwa sababu kifungu hicho hakukiandika Mchungaji. Alikiandika Mama Duara miaka mitano nyuma, alipochoshwa na wazazi wanaokuja na machozi yao wiki nzima baada ya orodha. Angeweza kuomba kisitumike safari hii. Alifungua mdomo aombe, akakumbuka ni watu wangapi waliomwomba yeye hivyohivyo, akaufunga.

Ilikuwa saa tatu. Alichukua daftari, akalikumbatia kifuani, akatoka. Mlinzi alitoa macho. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwona karani akipita lango lile kabla ya saa kumi.

Kumbe njia ni ndefu mtu anapokuwa na haraka. Alipotea mara moja, akamwuliza muuza mkaa, akaelekezwa kichochoro, kichochoro kikamtoa nyuma ya kiwanda cha matofali, akarudi. Njiani alikuwa anatunga maneno. Yalikuwa mazuri, yenye heshima, yaliyoanza na "kwa niaba ya shule". Alipofika barazani kwa fundi cherehani yote yalimwishia.

Mama alikuwa kwenye cherehani, binti amekaa sakafuni anatia vifungo kwenye shati la mtu. Hakuna aliyenyanyuka. Karani akabisha hodi, akakaribishwa kwa sauti kavu, akakaa kwenye stuli pembeni ya rundo la vitambaa. Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma kwenye namba na mabenchi, mpaka fundi akaondoa mguu kwenye pedali ili asikie.

"Mimi nilikuandikia," fundi akasema. "Nilikuomba utazame vizuri. Ukanirudishia mhuri."

Karani akasema ndiyo, aligonga mhuri, na anaona haya. Hakuzoea kusema hivyo, na maneno yalimtoka kwa shida. Fundi hakulainika hata kidogo. Alisema mtoto amelia siku mbili, leo amegoma kwenda, na yeye hakumlazimisha. Kwenda shule anaitwa mtoro, kukaa nyumbani anaitwa mtoro, basi bora akae apate kuisaidia nyumba.

Karani akamgeukia msichana. Akamwomba waende, wote watatu, sasa hivi, kabla ya saa sita. Msichana alikata uzi kwa meno, akaufunga fundo, akaweka shati kando, na ndipo akainua uso.

"Nikija saa hizi," akauliza, "utaniandika nimechelewa?"

Hakuuliza kwa ufidhuli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Na jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Sheria ndivyo ilivyo na yeye hajui kuandika vingine. Mama Duara alifikiri kidogo. Akamwambia atamwandika amechelewa, na safu ya sababu ataijaza yeye mwenyewe, mbele ya macho yake. Msichana akamtazama mama yake. Fundi akashusha pumzi, akafunika cherehani.

Walikwenda wakikimbia nusu njia. Mama Duara hakuwa mtu wa kukimbia, viatu vilimbana, daftari lilimponyoka mara mbili, na mara ya pili msichana akaliokota, akalibeba yeye. Saa sita kasoro dakika kumi walifika langoni, na lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alichungulia, akawaona, akatoa daftari la wachelewaji kupitia tundu. Wote watatu, akasema, pamoja na mama karani, maana yeye alitoka bila ruhusa na sheria si alizileta mwenyewe? Hakuwa anamdhihaki. Ndivyo alivyofundishwa.

Karani akaandika jina la msichana, akaandika la fundi, akaandika lake. Kwenye safu ya sababu, kwa wote watatu, aliandika kitu kimoja: *kosa la karani*. Msichana alisoma, akamrudishia mlinzi kalamu.

Kanisani Mchungaji alikuwa ameshasimama, karatasi mkononi. Mama Duara alipita katikati ya wazazi akihema, nywele zimemtoka kitambaani, akaomba nafasi. Hakuitumia vizuri, kusema kweli. Alisahau hata kuwasalimu. Lakini alisema lililopaswa: kwamba jina lililo kwenye karatasi ile haliko sawa, kwamba mtoto huyu alikuwa kanisani kila asubuhi akifanya kazi nyuma ya nguzo, na kwamba aliyeshindwa kumwona ni yeye. Kisha, mbele ya mzazi na mwanafunzi, kama kifungu kinavyotaka, alifungua daftari juu ya meza ya Mchungaji akaanza kukata maduara. Thelathini. Wazazi walingoja mpaka alipomaliza, na kurasa zile safi zikachafuka kwa wino. La thelathini na moja, la leo, hakulikata. Msichana aliliona na hakudai.

Mchungaji akakunja karatasi yake. Hakuna anayerudia, akasema, tuimbe. Babu Kinanda akakaa, msichana akaenda kwenye kigoda chake, na safari hii Mama Duara hakupanda roshani. Alisimama pale kwenye meza, miguu inamuuma, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi moyo unatulia.

Ulitulia kwa ubeti mmoja. Kinanda kilipofika mwisho wa ukurasa, mkono wa msichana ukafunua, na ndipo maneno ya asubuhi yakamrudia, yale ambayo hakuyasikia vizuri. *Hata yule mrefu wa mwaka jana.*

Hakungoja wimbo uishe. Alikwenda ofisini akavuta daftari la mwaka jana, akapekua. Namba mia na kumi na mbili, kijana mrefu mwenye kigugumizi. Duara, duara, duara, ukurasa baada ya ukurasa, safi kabisa. Jina lake lilisomwa mbele ya wazazi, na wiki iliyofuata baba yake alikuja kumtoa shuleni. Alikumbuka hata shati alilovaa yule baba. Alikumbuka kwamba baba huyo hakuuliza kitu chochote, alitia sahihi tu akaenda zake.

Kwenye faili kulikuwa na namba ya simu. Aliipiga, ikaita kwa muda, akapokea mwanaume. Mama Duara akajitambulisha, akaeleza, safari hii akianzia mwanzo. Akamweleza mpaka kurasa za noti, mpaka nguzo, mpaka kigoda.

"Aliniambia," yule baba akasema. "Aliniambia anamfunulia mwalimu kitabu. Nikamwambia karani wa shule ya kanisa hawezi kusema uongo. Mama, nilimchapa kwa hilo. Nilimchapa mpaka akasema ni kweli alitoroka."

Kule kanisani walikuwa wamemaliza kuimba, na watoto walianza kutoka kwa vishindo. Mama Duara alishika simu kwa mikono miwili. Akamwuliza yule baba nyumbani kwake ni wapi, na kama kijana atakuwepo jioni. Akaelekezwa. Akachukua daftari la mwaka jana na kalamu, akafunga dirisha, akaenda langoni kumwomba mlinzi amfungulie.