Wendazao Wote Wanakaribishwa

Jumatatu saa tatu asubuhi kamati ya matembezi ya hisani ilikuwa ikibishania rangi ya fulana. Mwaka wa kwanza zilikuwa nyeupe, wa pili njano, wa tatu bluu. Rangi tunazikumbuka zote. Haya yalikuwa matembezi ya nne kuchangia mashine ile ile moja ya kusafisha damu. Mpiga chapa wa hospitali alikaa pembeni akipanga fomu. Dada yake alikuwa amelazwa wodi ya pili, akiisubiri mashine hiyo.

"Tumeitembelea mashine mara tatu," alisema dereva wa gari la wagonjwa. "Yenyewe haijatutembelea hata siku moja."

"Acha uchuro," alisema mwenyekiti.

Tangazo lilipaswa kusema waenda kwa miguu wote wanakaribishwa. Mpiga chapa, akili yake ikiwa wodini, aliandika wendazao wote wanakaribishwa, yaani marehemu. Karatasi ikabandikwa getini, na saa nne wa kwanza akaja kujiandikisha.

Alikuwa fundi cherehani aliyefariki mwaka wa fulana nyeupe. Alifuta miguu mlangoni, akaomba kalamu. Nyuma yake akaja mwalimu wa hesabu, kisha mama muuza mkaa, na foleni ikatoka nje hadi kwenye bomba la maji. Wote walikufa wakiisubiri mashine.

"Binti, umri niandike upi?" aliuliza mwalimu. "Wa siku ile au wa leo?"

Mpiga chapa alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akalitazama tangazo, akasema kilichoandikwa kimeandikwa.

"Na hapa, mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura?"

"Acha wazi, mzee."

Kamati ilijadili kama marehemu wapewe maji njiani. Ikaamuliwa chupa zipunguzwe.

Jumamosi wakatembea. Wazima walianza kwa mbwembwe, wakaishia kivulini kilomita ya nne. Wafu walimaliza zote kumi bila tone la jasho, mama muuza mkaa akiongoza, wakasimama mbele ya jukwaa. Mgeni rasmi aliwashukuru kwa kujitolea. Fundi akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mashine iko wapi?"

"Mchakato unaendelea," alisema mgeni rasmi, "na ninyi wenyewe ni mashahidi."

Wakakubali kwamba wao ni mashahidi.

Jumatatu iliyofuata kamati ilifanya tathmini. Mchango wote ulikuwa umeishia kwenye jukwaa, spika na fulana. Mwenyekiti akapendekeza matembezi ya tano, tangazo libaki vile vile, maana hawa watu hawachoki, hawaugui, na wakiuliza huuliza mara moja tu. Likapita kwa kauli moja.

Mpiga chapa alitoka bila kuelewa kama amekosea au amepatia. Wodi ya pili alimkuta fundi cherehani ameketi kando ya kitanda cha dada yake, tepu ya kupimia shingoni.

"Nachukua saizi mapema," alisema fundi. "Fulana zina tabia ya kuisha."

Mpiga chapa alimwambia fundi kwamba dada yake huvaa kubwa, tangu usichana wake.

"Hiyo zamani, mdogo wangu," alisema dada, kichwa kikiwa bado kwenye mto. "Mwambie aandike ndogo."