Hodi ya Mkuu wa Mtandao

Sisi wa chumba cha mitambo cha hospitali hatumwogopi mtu. Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Mkuu wa Mtandao alikohoa kwenye korido, na sote wanne tukasimama wima, mmoja wetu kikombe cha chai kikiwa bado mdomoni. Kikombe kilikuwa changu, lakini tuendelee.

Jumanne hiyo Mkuu aliingia ameota waya usoni. Ulikuwa wa njano, urefu wa shubiri moja, umetokea pembeni mwa mdomo wake na kuingia katika sikio lake mwenyewe. Karani wake aliusogeza kwa kidole ili bosi anywe maji. Mkewe, kwa maneno ya karani, aliuliza jambo moja tu: utafuliwa pamoja na kola au peke yake?

Waya ulimfaa. Zamani alilazimika kungoja majibu ya watu, na watu wana majibu mabaya. Sasa aliuliza, "Mtandao uko hai?" swali likapita wayani, likaingia sikioni, naye akajijibu, "Uko hai, Mkuu." Akaandika daftarini. Ilipofika saa nne alijiamkia shikamoo, akajiitikia marahaba, akaonekana kufarijika.

Aliyeharibu utulivu huo ni mama wa kufulia wa hospitali, aliyekuja kuulizia matokeo ya mwanawe. Mwanawe wa miaka mitano alilazwa wodi ya watoto, kitanda cha sita, homa imempanda kichwani, na daktari alisubiri matokeo ya maabara ajue dawa ipi ya kumpa. Maabara waliyatuma tangu Jumatatu. Wodini hayakufika. Kutoka maabara hadi wodini ni hatua sitini, lakini Mkuu alikuwa amepiga marufuku karatasi. Matokeo yakitembea kwa miguu, alisema, yanaiaibisha mitambo.

Fundi wetu, mwanamke tuliyemwita Bi Koleo kwa kuwa hakukiacha chombo hicho cha kukatia nyaya hata akila, alikwenda kukagua, akarudi na tope magotini.

"Mzee, waya wa kwenda wodini umekatika."

Mkuu akaketi mbele ya rauta, lile sanduku linalogawa njia za mtandao wote, akaliamuru lijiite lenyewe kwa anwani yake ya ndani, ile ambayo mafundi huiita *loopback*. Liliita mara nne, likajibu mara nne.

"Unaona? Hai."

"Limejijibu, mzee. Mlango wa anwani hiyo hauna waya, ni wa programu tu, umo humo humo ndani. Sanduku likiwa na umeme, mlango uko wazi. Kazi yake ni kuwawezesha walio mbali kulipata sanduku kwa anwani moja, hata njia moja ikikatika. Wewe uko ndani. Unabisha hodi kwako, halafu unajikaribisha."

"Na nikijikaribisha, si maana yake nipo?"

"Upo, mzee. Kitanda cha sita ndicho hakipo."

Bi Koleo akang'oa nyaya zote isipokuwa wa umeme na ule wa kompyuta ya Mkuu. Hospitali nzima ikanyamaza. Dirisha la malipo likafungwa, foleni ya wagonjwa ikaketi chini.

"Haya, liite tena."

Mkuu akaliita. Likajibu mara nne kati ya nne. Akalitazama sanduku kama baba anavyomtazama mtoto aliyefaulu.

"Bila waya hata mmoja," akasema, "na bado linajibu. Hii ndiyo rauta."

Tukapiga makofi. Bi Koleo akazirudisha nyaya, akaenda maabara, akanakili matokeo kwenye kipande cha karatasi na kutembea hatua sitini.

Alipewa barua ya onyo kwa kutumia karatasi. Mkuu alipewa ngao ya mtandao usiozimika, na wakati wa picha karani aliulaza ule waya vizuri shavuni. Wa wodini haujaunganishwa hadi leo. Mtoto alipona, ila usikivu wa sikio moja haukurudi. Daktari alisema dawa ilichelewa siku moja.

Kisa hiki mimi huwasimulia wauguzi wapya, wajue tunafanya kazi na watu gani. Juzi masimulizi yangu yalikuwa yamefika pale ambapo sisi wa chumba cha mitambo tulimhangaikia mtoto yule tangu Jumatatu, bila kula. Mama wa kufulia alikuwa anapita na mashuka. Akasimama.

"Jumatatu nilikukuta wewe dirishani pa chumba chenu," akasema. "Nikakwambia mtoto ananitazama lakini hanijui. Ukaiuliza hiyo mashine yako, ikakujibu. Ukaniambia niende zangu, mtandao uko hai."

Wauguzi wakanigeukia. Mama akahamishia mashuka bega la pili, hana haraka.

"Au nimekusingizia, mwanangu?"