Mpira wa Nne

Jirani wa mlango wa pili, ambaye siku hiyo hakuvuka hata uzio wake, anaapa kwamba Mama Chiriku alimzaba daktari kofi, akamnyakua mwanawe kwenye kitanda cha upasuaji na kutimua mbio hadi barabarani. Wanaomsikiliza, mbavu hawana.

Kofi halikuwepo. Mbio hazikuwepo. Mama Chiriku alikaa tu, na kukaa kwake kuliwachoma watu kuliko kofi.

Chiriku ana miaka minne. Domo halifungi kwa maneno, ila kidevu ni kidogo, kimerudi nyuma kana kwamba kinaona haya. Tangu azaliwe hulala ubavu. Akilala chali anakoroma, halafu kimya, na kimya hicho mama yake hukisikia hata akiwa jikoni. Mwaka jana alipopasuliwa ngiri hospitali hiyohiyo, alirudishwa wodini mdomo umevimba, jino moja halipo. Nesi aliyesukuma kitanda alimnong'oneza mama, "Mpira wa kupumulia umekataa mara tatu. Wa nne, ule mwembamba, ndio umeingia. Tumetoka jasho!"

Kwenye faili mpasuaji aliandika: hakuna tatizo.

Safari hii ilikuwa ni kuziba tundu la kaakaa, na mpasuaji ni yuleyule. Asubuhi alimletea mama fomu ya kukubali upasuaji.

"Saini hapa, mama. Tumechelewa."

"Nimwone kwanza atakayempa dawa ya usingizi."

"Wa nini? Faili halina tatizo."

"Lina tatizo, daktari. Mpira ulikataa mara tatu."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba. Lakini kuhesabu mpaka nne najua."

Wifi yake aliyemsindikiza alimvuta kanga. "Wifi, unatutia aibu. Wenzako hawa wamesomea."

"Wamesomea watoto wote. Mimi nimemsomea huyu mmoja."

Mpasuaji akaondoka na fomu yake. Mama Chiriku akabaki kwenye benchi, mtoto kampakata kiubavu.

"Mama, yule bwana kanuna," Chiriku alisema kwa sauti ya kusikika korido nzima.

"Mwache anune. Atapoa."

Saa nzima ikapita. Mwishowe akaja daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya plastiki, mgeni hapo hospitalini. Hakuleta fomu. Alichuchumaa, akamwambia Chiriku apanue mdomo, kisha atazame juu. Akamwangalia kidevu kwa upande, akakipima kwa vidole.

"Analalaje?"

"Ubavu, wa kushoto. Ukimlaza chali, hesabu. Hufiki ishirini kabla pumzi haijaziba."

Daktari aliinuka. "Ningempa dawa ya kulegeza mwili, asiweze kupumua mwenyewe, halafu ndipo nigundue njia ya hewa haionekani. Mama, umefanya la maana. Nipe muda."

Akaenda kutafuta mipira myembamba, kifaa chenye kamera ya kuchungulia koo, na daktari mwenzake wa kumsaidia. Hapo ndipo Mama Chiriku aliposaini.

Walimlaza ubavu, wakamwacha apumue mwenyewe mpaka walipoiona njia. Mpira ukaingia mara moja. Mchana Chiriku alikuwa wodini, sauti imekwaruza, anadai maji na kuuliza nani kamfunga plasta bila ruhusa.

Daktari wa usingizi aliandika ukurasa mzima: kidevu, ubavu, kamera, ukubwa wa mpira. Mama Chiriku aliusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akafunua nyuma, ukurasa wa mwaka jana, akaenda nao kwa mpasuaji aliyekuwa anavua glavu mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Huu mwandiko ni wako, daktari."

"Ndiyo. Mtoto si mzima? Unataka nini tena?"

"Kesho anaweza kuletwa na mtu mwingine, mimi sipo. Atakayefungua faili akianza na ukurasa huu, atamlaza chali." Akamnyooshea kalamu. "Rekebisha kwa mkono wako. Andika mpira ulikataa mara tatu."

Mpasuaji aliitazama kalamu. Akatazama saa ya ukutani.

Mama Chiriku akavuta benchi mpaka katikati ya mlango, akaketi, mkono bado ameunyoosha.