Pumba za Kapteni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Februari 1997, Kibwana alikuta ndoo tatu za maji zimekauka na matandiko ya banda yamelowa mkojo. Halikuwa jambo geni. Kapteni, farasi wa miaka ishirini na sita, alikuwa na ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo. Alikunywa kupita kiasi, nyama ya mgongo ilikwisha, tumbo lilining'inia, na manyoya yalimwota marefu hata wakati wa joto. Kibwana, saisi aliyemtunza kwa miaka kumi na tisa, alimnyoa kwa mkasi kila baada ya wiki mbili.

Devotha, daktari wa mifugo kutoka mjini, alikuwa amemweleza kwamba vidonge husaidia kidogo tu. Kinachomweka farasi hai ni kunyimwa. Asionje pumba wala molasi. Vikimwingia, kwato huwaka kwa ndani, na farasi asiyeweza kusimama hana maisha. Kwa miezi kumi na minne Kibwana alimlisha majani makavu yaliyolowekwa na kuchujwa. Kapteni alikonda, lakini alitembea.

Na alihitaji kutembea. Shamba hilo la mkonge, upande wa Kingolwira, lilikuwa limeuzwa na serikali mwaka uliotangulia, na wafanyakazi wengi walipunguzwa. Mwenye mali mpya alipenda kupigwa picha na farasi. Kwa hiyo meneja, Geofrey, alimwambia Kibwana kwamba atabaki kazini na katika chumba chake maadamu farasi yupo.

Saa mbili Geofrey alifika bandani na Bonifasi, mtunza stoo. Mwenye mali angekuja Ijumaa na wageni. Geofrey alipitisha fimbo kwenye mbavu za Kapteni, moja baada ya nyingine, akauliza farasi huyu anakula nini.

"Gunia la pumba linatoka stoo kila wiki kwa jina lake," Bonifasi alisema. "Halafu tazama mbavu hizi, bosi. Sasa tazama kuku wa mzee."

Kuku sita wa Kibwana walikuwa wakichakura nyuma ya banda. Walikuwa wanene. Wakata mkonge waliosimama karibu walicheka.

Kibwana hakuwa amechukua hata debe moja tangu daktari akataze. Ufunguo wa stoo alikuwa nao Bonifasi. Alisema hivyo, akatoa karatasi ya daktari. Geofrey aliisoma yote, akaikunja, akaitia katika mfuko wake mwenyewe.

"Mnyama amekonda, na dawa yake ni kutokula," alisema. "Mzee Kibwana, mimi nimesoma."

"Akila hizo, bosi, Ijumaa hatasimama."

"Basi tutajua ulisema kweli. Utamlisha wewe, asubuhi na jioni, Bonifasi akiangalia. Hutaki, ondoka leo."

Kibwana alipima. Akikataa, chumba kimekwenda, na Bonifasi angemlisha Kapteni vilevile. Akachanganya pumba na molasi. Kapteni alikula kwa pupa, akalamba ndoo hadi chini, kisha akalamba vidole vya saisi wake.

"Ona anavyokushukuru, mzee," Bonifasi alisema.

Jumatano jioni kwato za mbele zilikuwa za moto, na Kapteni alisimama ameutupa uzito wote nyuma. Kibwana alizimwagia maji, akaomba daktari aitwe. Geofrey alijibu kwamba ataitwa wageni wakishaondoka. Alhamisi mchana farasi alilala chini. Ijumaa asubuhi watu sita walijaribu kumwinua kwa kamba za mkonge, wakashindwa.

Wageni walitarajiwa saa tano. Geofrey hakutaka wakute mnyama amelala. Saa nne kasorobo mlinzi alipiga risasi mbili, kwa kuwa ile ya kwanza ilipita chini ya sikio. Kibwana ndiye aliyeshika kichwa.

Saa nne na dakika ishirini alimkabidhi Bonifasi ufunguo wa banda, ufunguo wa chumba, mkasi, na, kwa amri ya Geofrey, kuku sita kufidia pumba.