Kampuni ya Sabuni Yatupatanisha

Loh! Kampuni ya sabuni ilipokuja kutupatanisha, sisi wala hatukuwa tumegombana.

Wenzetu, sawa. Mji umekatwa na reli, na wa juu na wa chini hawaazimani hata chumvi. Lakini kikundi chetu cha ngoma kilikuwa cha wote. Mimi wa juu nilipiga ngoma kubwa, mdogo wangu aliyeolewa chini akapiga ndogo, ndani ya karakana kuukuu ya reli. Shemeji hataki kuniona mlangoni kwake, kwa hiyo nikitaka kumwona mdogo wangu, ni hapo tu.

Akaja afisa wa kampuni, meno meupe pee. Tukambandika jina la Povu.

"Nani wa juu, nani wa chini?" akauliza.

"Tumechanganyika," nikajibu kwa maringo.

Akakuna kichwa. "Hapo ndipo penye tatizo, mama. Ufadhili ni wa makundi yaliyotengana. Sasa nitampatanisha nani?"

Basi Povu, kwa huruma zake, akatusaidia kutengana. Wa juu sare za bluu, wa chini za njano, rangi za sabuni zao. Mazoezi kila upande peke yake, ili siku ya kupatana tuonekane tumekosana kweli. Tukakubali, maana paa lilivuja na ngoma zilikuwa zinaoza.

"Ni kwa muda tu, dada," mdogo wangu akanituliza.

Kwa muda, ndiyo! Mara wa bluu wakasikia wa njano wamepewa viatu. Mara shemeji, ambaye hajawahi kugusa ngoma hata kwa bahati mbaya, akawa mwenyekiti wa njano. Salamu zikaisha.

Siku ikafika. Povu akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba kwa kuwa tumepatana vizuri mno, kila upande utajengewa ukumbi wake. Karakana itakuwa ghala la sabuni. Watu wakapiga makofi, na shemeji akapiga kuliko wote. Mimi nikamtafuta mdogo wangu kwa macho.

"Sasa wa bluu na wa njano wakumbatiane!"

Nikamvuta mdogo wangu. Alikuwa amekonda. Tukalia kama watoto, na Povu akafurahi sana kwa machozi yale, akatupiga picha.

"Safi! Picha imetoka. Achianeni."

Shemeji alikuwa ameshaanza kupanda jukwaani. Mdogo wangu akanikaza shingoni.

"Dada," akaninong'oneza, "mwambie nimefumba macho. Apige tena."